Mtungi wa Tatu Haukuwa na Hatia

Jambo lote, mwanangu, liligharimu spoki thelathini na sita na goti moja la mtu. Nimehesabu mara mbili. Spoki nilipata nyingine. Goti halikupatikana, na mwenye goti mpaka leo hajui ni nani aliyelivunja.

Nakumbuka siku moja, na si siku ninayoikumbuka kwa kupenda. Huja yenyewe kama mgeni asiyebisha hodi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, hapa hapa Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa bado mahali pa kupitia, si mahali pa kufika. Ukisimama kando ya barabara ya Namanga ungehesabu maduka kwa vidole na ubaki na kimoja cha kukunia sikio. Nilikuwa fundi wa baiskeli. Tuseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika: nilikuwa mkono wa kulia wa fundi, na mkono wa kulia ukiachwa peke yake siku nyingi huanza kujidhania kichwa.

Kichwa chenyewe kilikuwa Mzee Kioko, Mkamba wa Makueni kama mimi, mtu mfupi, mwenye maneno mafupi zaidi. Karakana yetu ilikuwa mabati manne na turubai nyuma ya kinu cha posho. Upepo ukigeuka, unga ulitupakaa hadi tukafanana na mandazi ambayo hayajaingia kwenye mafuta. Hapo ndipo alinifundisha kuziba pancha, kukaza breki, kufunga cheni, na mwisho kabisa, baada ya miaka miwili, kusuka gurudumu.

Ndiyo, kusuka. Mafundi wa kwetu hawasemi kufunga spoki wala kuweka spoki, wanasema kusuka, na neno hilo lina mambo yake. Mama yangu alisuka viondo maisha yake yote, na alikuwa akisema uzi usiopita chini ya mwenzake hauitwi kiondo, unaitwa uzi tu. Mzee Kioko alisema jambo lilo hilo kwa chuma. Spoki inatoka kwenye habu, pale katikati, inaelekea rimu. Lakini kwa gurudumu la nyuma haiendi moja kwa moja. Inainama, inapita juu ya mwenzake wa kwanza, juu ya wa pili, halafu chini ya wa tatu, wakigusana kabisa, ndipo inafika kwenye rimu. Zote thelathini na sita hivyo hivyo, nusu zimeinamia mbele, nusu zimeinamia nyuma.

"Kwa nini zisisimame wima tu, Mzee?" nilimuuliza. "Si ni kazi kidogo."

"Umewahi kuvuta ng'ombe aliyekataa kutembea?"

"Nimewahi."

"Ulivuta ukiwa umesimama wima?"

Mtu anayevuta huinama. Na gurudumu la nyuma, mwanangu, kazi yake ni kuvutwa. Mguu unakanyaga, cheni inavuta habu, habu inavuta spoki, spoki zinavuta rimu, na mzigo wote umekaa juu. Spoki iliyosimama wima haina namna ya kuvuta, itapindwa shingoni mpaka shingo ikatike. La mbele ni jambo jingine. La mbele linafuata tu, kama mume mpya sokoni. "La mbele ukipenda lisuke wima," Mzee alikuwa akisema, "litakosa heshima lakini litatembea. La nyuma, hapana."

Kwa hivyo usije ukasema sikuambiwa. Niliambiwa, na nilielewa, na nilikuwa nimesuka kumi na moja kwa mkono wangu yeye akiangalia.

Sasa, mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kununua kitu kwa sababu kinauzwa vizuri, si kwa sababu nakihitaji. Nilikuwa nimetoka Kiserian, siku ya soko, na furushi la spoki kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga duka. Nilibishana naye tangu asubuhi hadi akaanza kunionea huruma, au mimi nikadhani ni huruma. Nilipofika Kitengela Mzee Kioko alichomoa moja, akailaza kando ya spoki ya kawaida. Ilikuwa fupi kwa upana wa kidole gumba. Zilikuwa spoki za baiskeli za watoto.

"Hizi ni za kuchoma mishikaki," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Watu wa kinu walicheka wiki nzima. Wakipita wananiuliza nyama iko wapi. Nami nikaapa moyoni kwamba zile spoki zitasimama kwenye gurudumu, zibebe mtu, na Mzee aone. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, mwanangu, kabla mteja hajatokea. Goti lilivunjika siku ile ya kicheko. Barabarani lilikwenda tu kukamilisha.

Wiki mbili baadaye Mzee akaenda kwao kumzika ndugu yake. Alisema atarudi Jumamosi. Jumatano akaja Lekishon.

Lekishon alikuwa kijana wa rika langu, Mmaasai wa upande wa Isinya, mrefu, mwembamba, mtembezi wa kusifiwa. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wengi na yeye ndiye aliyewafuata kiangazi hadi kusikojulikana, akarudi nao wote. Msimu wa mvua, maziwa yakiwa mengi, alibeba maziwa ya mama zake kwa baiskeli nyeusi ya chuma mpaka hoteli za Kitengela, na jioni akarudi na unga na majani ya chai. Siku hiyo alikuja akiisukuma. Rimu ya nyuma ilikuwa imeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno.

"Sopa, fundi."

"Hepa."

"Sukia mimi hii. Shimo imekula rimu."

"Mzee hayuko. Ameenda kuzika."

"Anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Basi nitangoja. Nitatembea tu. Miguu iko."

Hayo ndiyo maneno yake: miguu iko. Alikuwa radhi kungoja, mwanangu. Nataka ulisikie hilo vizuri kwa sababu nimelizunguka miaka arobaini nikitafuta mahali alipokosea na sijapapata. Spoki ndefu zilikuwa zimeisha kwenye mkebe, Mzee angezipitia Nairobi akirudi. Lekishon angepumzisha baiskeli siku tatu, na mimi singekuwa na hadithi.

Lakini nilisema, "Kwani mimi hapa ni nani? Ufagio?"

Akacheka. "Wewe ni mtoto wa kuziba pancha. Gurudumu ya nyuma ni ya Mzee."

Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo neno lilinichoma mahali pale pale iliponichoma ile mishikaki. Nikamwambia aache baiskeli, jioni aje achukue. Akaiacha.

Niliketi na rimu mpya, habu yake ya zamani, na furushi langu. Nilijaribu kupishanisha kila moja na wenzake watatu, hazikufika. Nikajaribu na mwenzake mmoja tu. Karibu, lakini hazikufika. Nikazisimamisha wima, na hapo, mwanangu, zilifika sawasawa, kama zilizaliwa kwa ajili hiyo. Ndivyo nilivyochagua. Sikuuliza gurudumu litabeba nini, litapanda wapi, litasukumwa na miguu ya nani. Niliuliza spoki zangu zinafika wapi. Fundi anayechagua msuko kwa spoki alizo nazo ni kama daktari anayechagua ugonjwa kwa dawa iliyobaki kabatini.

Lilipendeza, siwezi kukataa. Nililizungusha likametameta kama jua. Nikalipanda mwenyewe kuzunguka soko, likatembea vizuri, nami wakati ule nilikuwa na uzito wa koti lililotundikwa. Huo ndio mzigo niliolijaribia.

Jioni Lekishon akaja, akachuchumaa, akaliangalia muda mrefu.

"Fundi, mbona hizi hazishikani? Za kwanza zilikuwa zinapitana hivi." Akapishanisha vidole vyake.

"Huo ni mtindo wa kitambo. Nairobi siku hizi wanasuka hivi."

"Ile ya kitambo ilibeba mitungi tatu na mbuzi juu."

"Na huyo mbuzi alilipa nauli?"

Akacheka kidogo, lakini hakuinuka. Macho yalibaki kwenye gurudumu. Nikaona nampoteza, na mimi mtu wa soko sipendi kumpoteza mteja aliyechuchumaa.

"Lekishon, jua unaliona kila siku. Miale yake inapishana?"

"Haipishani."

"Na jua limewahi kuanguka?"

Alifikiri. Halafu akasema, "Jua halibebi maziwa."

Ingekuwa wewe ungejibu nini? Kijana asiyejua kusoma alikuwa amenifunga mdomo kwa maneno matatu, na maneno yenyewe yalikuwa kweli tupu. Ningenyamaza hapo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nikaukwaa wa kwangu mzima mzima.

"Basi wewe ndiye utalibebesha," nikamwambia. "Uwe mtu wa kwanza."

Akacheka sana, akainuka, akaipanda baiskeli yake. Na sokoni mtu akicheka ameshanunua.

Jumamosi Mzee Kioko hakurudi. Mvua ilinyesha kwao, akabaki kupanda mahindi. Lekishon alipita kila asubuhi na mitungi miwili, mmoja huku, mmoja kule, akiinua mkono. Siku ya kwanza nilihesabu spoki kwa macho alipopita. Siku ya tano niliacha kuhesabu. Gurudumu lilidumu siku tisa.

Siku ya kumi jirani yao mmoja, Mama Nashipae, aliamka akakuta punda wake anachechemea. Maziwa yalikuwa yameshakamuliwa, na maziwa hayangoji punda apone. Akamwomba Lekishon ambebee mtungi wake. Lekishon hakuwa mtu wa kumkatalia mama. Akaufunga juu ya keria, katikati ya ile miwili. Wa tatu.

Upande huu wa Isinya kuna korongo, barabara inashuka, halafu inapanda. Si mlima. Ni mahali ambapo mtu mwenye mzigo husimama juu ya pedali na kukanyaga kwa nguvu zote. Alisimama, akakanyaga. Waliokuwa nyuma yake wakienda sokoni walisema walisikia kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria: moja, mbili, halafu nyingi pamoja. Gurudumu likajikunja. Baiskeli ikalala, naye akalala nayo, na mtungi wa juu ukakatika kamba ukamwangukia gotini, umejaa.

Waliniletea baiskeli kwanza. Wanaume wawili wakaitupa mbele ya karakana, wakanisimulia, maziwa yakiwa bado yanadondoka kwenye cheni. Walikuwa wamekwisha kumweka Lekishon kwenye lori la mawe, amepelekwa hospitali.

"Alijitakia," mmoja alisema. "Mitungi tatu. Kwani hiyo ni punda?"

Mwenzake akanigeukia. "Si ndio, fundi? Wewe ndio unajua hizi vitu."

Nikasema, "Mitungi mitatu ni mingi."

Maneno manne. Nimeyahesabu zaidi ya mara mbili. Sikuapa, sikumsingizia mtu, na hata ukiyapima yenyewe si uwongo. Mitungi mitatu ni mingi kweli. Ndivyo uwongo mzuri ulivyo, mwanangu, huvaa nguo za ukweli na kupita mlangoni bila kuulizwa. Walipoondoka habari ilikuwa imekwisha kupata miguu: mtungi wa tatu ndio uliomvunja Lekishon.

Mzee Kioko alirudi kesho yake. Alikuta gurudumu nililokuwa nimelificha nyuma ya turubai, kwa sababu mzee yule akiingia karakanani alinusa kwanza. Akaketi nalo. Akachomoa spoki moja moja, zile zilizokatika akaziweka kushoto, nzima kulia.

"Hesabu," akaniambia.

Upande wa cheni zilikuwa kumi na nane. Zilizokatika kumi na tatu, zote shingoni, mahali pamoja, kama zilikatwa na msumeno mmoja. Nilihesabu mara ya pili nikitumaini zitapungua.

"Alibeba mitungi mitatu, Mzee."

"Ile ya kwanza nilimsukia mimi. Ilibeba ngapi?"

Nikaokota spoki moja ya kushoto, nikairudisha.

"Umesuka wewe, ama umesimamisha uzio?"

"Nimekosa, Mzee."

"Umemwambia?"

"Nasikia yeye mwenyewe anasema ni mzigo."

"Sikukuuliza anasema nini."

Kinu kilikuwa kimezimwa, kila kitu kilisikika. Akakusanya zile kumi na tatu, akazifunga kwa mpira wa tyubu, akanipa. Halafu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mara moja: "Mimi sitamwambia. Si kazi yangu, ni yako. Lakini gurudumu la nyuma usiguse tena hapa mpaka umwambie. La mbele suka. Pancha ziba. La nyuma, hapana."

Nilikwenda hospitali Jumapili. Nilikwenda kusema, nataka uniamini. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Lekishon alikuwa amelala chali, mguu umefungwa kama gogo. Aliponiona alijaribu kuinuka.

"Fundi, pole," akasema. "Nimeharibu kazi yako. Ulinisukia vizuri, mimi nikaongeza mzigo."

Mwanangu, mtu akikuomba radhi kwa kosa lako mwenyewe, mdomo hujaa mchanga. Nikamwambia, "Usijali." Nikamwachia machungwa sita, nikaondoka. Yale maneno niliyoyapanga nilirudi nayo Kitengela, na ninayo.

Goti liliunga, lakini liligoma kukunjika. Mtu wa goti lisilokunjika hafuati ng'ombe. Ndugu zake waligawana kundi la kuchunga, yeye akabaki boma na watoto na mbuzi wagonjwa, kisha aibu ikamzidi akahamia Kajiado mjini, akajifunza kukata akala, viatu vya tairi kuukuu. Yuko pale mpaka leo, karibu na soko. Anakaa kwenye kiti kifupi, mguu umenyooka mbele yake moja kwa moja, watu wakipita wanauzunguka.

Na mimi? Niliziba pancha za Mzee Kioko miezi kumi na mmoja. Kila gurudumu la nyuma lilipoingia aliniangalia mara moja, akingoja, halafu akalichukua mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili nikahama, nikafungua karakana yangu ng'ambo ya barabara, mahali ambapo hakuna wa kuniangalia. Mzee alifariki bila kuniuliza tena. Magurudumu yote ya nyuma niliyosuka tangu siku hiyo, na ni mengi, yote spoki zake zinapishana tatu, yote yamebeba, hakuna lililomwangusha mtu. Lakini hakuna hata moja nililolisuka kwa ruhusa.

Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, wahenga walisema. Sikujua kwamba kuna mzigo wangu niliokuwa nimemtwika mwenzangu mwingine kabisa, mpaka mwezi uliopita.

Nilikuwa nimekwenda Kajiado kwa shughuli zangu, nikapita kumsalimu Lekishon kama ninavyopita kila mwaka, mara moja, haraka haraka. Nikamkuta na mgeni: mama mzee sana, shanga zimemlegea shingoni, macho yameingia ukungu. Alikuwa amemletea maziwa kwenye kibuyu.

"Huyu ndio Mama Nashipae," Lekishon akaniambia. "Yule wa mtungi."

Mama akanishika mkono, akaupapasa, akauliza ni nani. Akaambiwa ni yule fundi wa Kitengela. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Fundi, mimi nilivunja huyu kijana. Mimi. Punda yangu iliumwa siku moja, mimi nikavunja mtoto wa watu."

"Mama, wacha hiyo," Lekishon akasema. "Ni ya zamani. Si ulileta kondoo ikaisha?"

"Haijaisha. Mguu bado iko hivyo."

Kumbe alikuwa ameleta kondoo wa kuomba radhi mwaka ule ule, na kila msimu wa mvua, mvua zote hizi, huleta kibuyu cha maziwa. Anatembea nacho mwenyewe, hataki kusaidiwa kubeba. Wajukuu wakitaka kumbebea anawaambia yeye hawezi tena kumpa mtu mzigo wake.

Akanimiminia maziwa yale kwenye kikombe. Nikayanywa.

Lekishon akaendelea kukata tairi. Akaniambia kwamba nyumbani kwake "mtungi wa tatu" limekuwa neno. Mtoto akitaka kazi ya pili juu ya kazi, anaambiwa huo ni mtungi wa tatu. Mchungaji wao amelisema kanisani. Binti yake mkubwa aliacha kuomba nafasi fulani ya masomo kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, akasema, baba, huu ni mtungi wa tatu. Lekishon alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayehesabu mifugo.

Nami nilikuwa nimekaa pale nikijua kwamba mitungi mitatu na mbuzi juu ilikuwa si kitu, gurudumu likiwa limesukwa.

"Sasa," akasema, "kijana wangu anaoa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Nataka wewe usimame, uwape vijana nasaha. Uwaambie ile hadithi ya mtungi. Mimi nikisema wananizoea. Wewe ulikuwa fundi, watakuamini."

Nilimwambia kuna wazee wengi wanaosema vizuri kuliko mimi. Akakataa. Akanivuta viganja, akavitemea mate kidogo, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akasema, "Mungu akupe siku nyingi. Wewe hukunilaumu hata siku moja kwa ile gurudumu."

Nilishuka barabarani viganja vimefunguka mbele yangu. Sikujua nivipanguse wapi.

Basi nasaha za ufundi, kwa kuwa uliniomba nikuandikie na mimi nimekuweka muda mrefu. Ukisuka gurudumu la nyuma, uliza mzigo kwanza, spoki baadaye. Spoki zisipofika kwa msuko unaotakiwa, si msuko uliokosea. Nenda katafute spoki, mteja angoje, akikutukana mvumilie. Vijana wa baiskeli za mbio huja kwangu Jumapili kutoka Rongai, wamevaa nguo za kubana, sisemi kitu. Wananiuliza kama la nyuma nalo laweza kusimama wima ili lipendeze. Nawaambia la mbele fanyeni mnavyotaka. La nyuma zishikane. Kidole kimoja hakivunji chawa, na spoki isiyomgusa mwenzake huvunjika peke yake, halafu inamwachia wa pili kazi ya kuvunjika.

Na kikivunjika, kwa sababu siku moja kitavunjika kitu mkononi mwako, sema siku hiyo hiyo. Ukweli una tabia moja sokoni: siku ya kwanza ndiyo bei yake ya chini kabisa, na haishuki tena. Siku ile mbele ya karakana ungenigharimu matusi na labda kofi. Hospitalini ungenigharimu rafiki. Sasa hivi siwezi hata kutaja bei, maana kuna mama anayetembea na kibuyu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia kwamba mengine hayamuumbui mwenyewe; humuumbua jirani aliyetoa mtungi kwa nia njema.

Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na ulimi mzito. Akupe bwana mkali wa kukufundisha, na uwe na moyo wa kumrudia na jibu kabla hajaondoka. Barabara zako zipande pale tu unapoweza kukanyaga. Mzigo wako uwe wako, na wa mwenzako usiwekwe kwako kimyakimya. Amina. Baraka za viganjani sikupi, hizo zilikuja kwangu kwa makosa.

Halafu, kwa sababu umesoma mpaka hapa na mimi nimekuhesabia kila kitu, nina jambo moja la kukuuliza, nawe unijibu kama mtu mzima. Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Vijana watakuwa wamekaa, bwana harusi na bibi harusi mbele, na mimi nitapewa kipaza sauti niseme habari za mtungi wa tatu. Nikisimama nikasema kweli, namwambia mtu kwenye harusi ya mwanawe kwamba busara yote aliyowalea nayo watoto ilikuwa kifuniko cha aibu yangu. Nikisema uwongo, nausema mbele ya yule mama, naye atakuwa mstari wa mbele, maana wanamheshimu. Nikisingizia ugonjwa nisiende, atakufa mama akiwa bado anabeba.

Nafikiri niende Ijumaa, kabla ya watu. Mpaka hapo naweza kufika mwenyewe. Ninachoshindwa ni hiki: nikishika njia ya Kajiado, nipige hodi kwa nani kwanza, kwa mwenye goti au kwa mama wa mtungi? Wewe ni kijana, hujanyamaza muda mrefu. Nishauri.